Kaimu Mwalimu wa Timu ya Kinu

Siku ya kwanza nilipofanywa kaimu mwalimu wa mpira, Meneja wa kinu cha pamba alinikabidhi filimbi, ufunguo wa sanduku la jezi, na onyo. "Karani," aliniambia, "wewe unashika tu. Tukicheza na Bukoba ndipo nitaamua kama nilete mwalimu hasa kutoka Nairobi." Nikaitikia, "Ndiyo, bwana," kama tulivyoitikia kila kitu zama zile za Mwingereza, nikatoka ofisini na kichwa kimevimba kama niliyepewa uliwali.

Ninyi vijana mnasema kocha. Sisi tulisema mwalimu wa mpira, na mara nyingi alikuwa Mzungu wa mashine aliyecheza kwao ujanani. Wetu alikuwa Fundi Mkuu, mtu mwema mwenye sauti ya honi ya meli, aliyehamishiwa Uganda katikati ya msimu. Mimi sikuwa mchezaji wa kutisha. Nilikuwa karani wa mizani. Nilianza Nansio, nikipima pamba ya wakulima wa Ukerewe kabla haijavushwa, kisha nikaletwa Mwanza kinuni, mahali mbegu zinapotenganishwa na nyuzi, na nyuzi zikashindiliwa kuwa marobota. Jioni nilicheza fulbeki, yaani beki wa mwisho kabla ya golikipa, kwa sababu sikupenda kukimbia.

Kinu kilifanya kazi msimu wa pamba tu. Robota la mwisho likishapakiwa, sisi vibarua wa msimu tuliambiwa kwaheri mpaka mavuno mengine. Mimi ni mtoto wa mjini, mama Mmanyema, baba fundi cherehani aliyetoka pwani. Sikuwa na hata tuta la mihogo. Kwa hiyo kila mvua zilipoanza, mke wangu Kabula alimchukua binti yetu Zena wakaenda kula kwa baba yake, Magu, nami nikabaki mtaani Mabatini nikilala kwa marafiki na kubeba mizigo bandarini. Niliona aibu hata kuwasindikiza. Sasa kampuni ilikuwa imeamua kwamba mwalimu wa mpira ataajiriwa mwaka mzima, tena apewe chumba. Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote duniani.

Timu yenyewe ilikuwa na ugonjwa mmoja. Siku zile tulipanga mafowadi watano, na wawili wa pembeni ndio mawinga. Kazi yao ni kukimbia na mpira kandokando ya mstari, kisha kuumimina katikati. Wetu walikuwa Shija upande wa kulia na Maganga upande wa kushoto, vijana wenye miguu ya ajabu. Lakini hawakuumimina. Kila mmoja alikaa nao pembeni kwake, anamzunguka mtu, anarudi kumzunguka yule yule tena, watazamaji wanashangilia, na goli liko kule halina mgeni. Fundi Mkuu aliwafokea misimu yote. Nami nilipopata filimbi nikafoka vilevile, mpaka sauti ikakauka.

Kabula ndiye aliyeona. Alikuja siku moja kiwanjani Mkuyuni, na njia nzima ya kurudi akawa anacheka peke yake.

"Baba Zena, wale hawachezi mpira. Wanashindana ngoma."

"Ngoma gani tena?"

"Hukuwaona watu? Kulia wamejaa wa ngoma ya majembe, kushoto wa ngoma ya chatu. Shija ni wa majembe. Maganga ni wa chatu. Sasa wewe unafikiri wanamchezea nani?"

Ilibidi anifundishe kama mtoto. Kwa Wasukuma, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza ngoma uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi zaidi ndilo lililoshinda. Mawinga wangu walikuwa wakivutana watu, huyu huku na yule kule. Kwa hesabu yao kila mchezo ulikuwa na mshindi, hata siku tulizofungwa vibaya.

Basi sikufoka tena. Nilikwenda kwa manju wa ngoma ya majembe, mzee aliyekuwa akiishi Mkuyuni, ambaye ndiye aliyewatungia nyimbo na kuwaongoza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia unataka tusimame pamoja na wale wa nyoka."

"Nyuma ya goli la wageni, baba. Ninyi mkono wa kulia, wao wa kushoto."

"Na mpira utakuja huko?"

"Mkiwa huko ninyi, utakuja wenyewe."

Akakubali, na manju wa chatu naye aliposikia mwenzake kakubali, hakutaka kubaki nyuma.

Bukoba walishuka melini asubuhi, warefu, wamevaa viatu wote. Sisi wenye viatu tulikuwa wachache. Meneja aliketi kivulini pamoja na Mwenyekiti wa timu, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetununulia jezi. Mpira ulipoanza, nilidhani naota. Shija aliponasa mpira tu, alikwenda nao moja kwa moja kwa watu wake, yaani golini. Maganga akafanya hivyo hivyo kutoka upande wake. Haukupita muda Shija akapiga shuti, golikipa akautema mpira, Maganga akausukuma ndani. Makundi yote mawili yakadai goli ni lao.

Kisha yakaja mapumziko, na hapo nikakumbuka kwamba timu hubadilishana magoli. Nikakimbilia kwa wazee kuwaomba wahamie upande wa pili.

"Anayehama uwanja ameshindwa," alisema manju wa majembe. "Wahame wao kwanza."

Wa chatu alinijibu neno lile lile. Refa akapuliza filimbi, na watazamaji wote wakawa nyuma ya goli letu sisi. Nilikiona chumba changu kikiondoka kwenda Nairobi. Lakini Shija na Maganga walirudi mbio mbele ya watu wao na kuanza kuwapokonya Bukoba mpira, mmoja akipokonya, mwingine naye hakubali kupitwa. Mafowadi wote wakawafuata. Bukoba hawakupata pa kupenya mpaka mwisho, tukashinda kwa goli lile moja.

Jumatatu niliitwa ofisini, nikamkuta Meneja pamoja na Mwenyekiti.

"Kuwaweka watu nyuma ya goli, ni mpango wako?" Meneja aliuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Na kipindi cha pili, wote kurudi kulinda?"

Ningeweza kuitikia tu, na nilitamani kuitikia. "Hapana, bwana. Nilisahau kwamba timu hubadilishana magoli."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Meneja hakucheka. "Kwa nini basi nisilete mtu asiyesahau?"

"Mlete, bwana, atajua mpira kuliko mimi. Lakini msimu una kazi nyingi, vijana wanakuja mazoezini wamechoka. Wakati wao wa kujifunza ni kinu kikifungwa, na hakuna mtu aliyewahi kubaki nao. Mimi nitabaki. Nataka wajue kucheza popote watazamaji watakaposimama. Na jambo la ngoma aliliona mke wangu. Mvua zikinyesha yuko Magu, bwana, kwa sababu sina pa kumweka. Nikiwa na chumba, timu itakuwa na macho manne."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Bwana Meneja, huyo ya Nairobi iko na bibi Msukuma?"

Meneja aliangalia dirishani. "Chukua chumba," akasema. "Utakaimu mpaka mvua ziishe. Halafu tutaona."

Mvua ziliisha, na hakuna aliyeidai filimbi. Nilitumikia mameneja kadhaa baada ya yule, nikafundisha watoto wa Shija, na nilipostaafu nilimkabidhi mwingine ufunguo wa sanduku kwa moyo mweupe. Vijana hunijia kuniuliza mwalimu hufanyaje apate kazi ya kudumu. Huwaambia waseme wazi wanaitaka kwa ajili ya nini, wasione haya, maana mimi haya ilikuwa karibu inifunge mdomo.

Na wakiniuliza siku gani ilikuwa njema kuliko zote, siwatajii mchezo wowote. Ni siku mvua ya kwanza ilipopiga bati la chumba kile. Kabula, kwa mazoea, alikuwa ameanza kukunja nguo za mtoto.

"Mama Zena," nikamwambia, "mwaka huu hamwendi."

Akakaa kitandani, na nguo mkononi. "Hata kumwona baba?"

"Mtakwenda kumsalimia. Ijumaa mtarudi nyumbani."