Mshenga Mwenye Ganzi Mdomoni

Nikisema sioni aibu nitakuwa nawadanganya, maana ile video mpaka leo inazunguka kwenye magrupu ya koo mbili, na mie nikikutana na mtu wa Segerea nisiyemfahamu akaanza kutabasamu peke yake najua tu ameiona, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe.

Mdogo wangu Elia alitaka kumuoa Upendo, binti wa Segerea, na mie ndiye niliyechaguliwa kuwa mshenga, kwa sababu kwetu nasifika kwa kuongea (hata misibani hunipa mie kipaza sauti). Baba wa binti ni mzee wa kanisa, na Elia alishanionya mapema. "Braza, yule mzee kitu kimoja tu hataki kukisikia, pombe. Kuna jamaa alikuja kumposa dada wa Upendo akinukia bia, hakuvuka geti."

Sasa asubuhi ya siku yenyewe jino likaniamsha. Safari ya Segerea ilikuwa mchana, nikajisemea ngoja nikalizibe fasta hapa Kinondoni ili nikaongee bila maumivu. Dokta akanichoma ganzi, na mie kwa uoga wangu (ile mashine yao inalia kama nyuki kaingia sikioni) nikamwambia, "Dokta, niongeze kidogo." Akaniongeza. Wakati natoka akanisihi nisile kitu mpaka ganzi iishe, nikamwitikia kwa kichwa, maana mdomo ulishaanza kwenda zake.

Kufika Segerea tukapokelewa vizuri, tukakaa kwenye makochi, mie katikati, pembeni yangu Mjomba Lazaro, na Elia kajikunja kwenye kona anatazama viatu vyake. Nikapewa soda, nikanywa, mara Mjomba akaninong'oneza, "Jifute." Kumbe nusu ya soda imeteremka kwenye tai na mie sina habari, kwa sababu kuanzia mdomo hadi kidevu nilikuwa kama nimeazimwa uso wa mtu.

Nikasimama. Nilikusudia kuwasalimu wazee shikamooni, kikatoka "sikanooni". Nikaongeza nguvu, nikasema, "Tunefika kufosa vinti yenu, Ufendo," na udenda ukafuata. Baba Upendo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamgeukia mkewe.

"Mama Upendo, huyu bwana amekunywa?"

"Hafana nzee," nikajitetea haraka, na nilichotaka kusema ni kwamba ni ganzi tu, lakini ulimi nao ulikuwa umelala, ikatoka, "ni ganja tu."

Mjomba Lazaro akajishika kichwa. Mzee akainuka polepole, akasema kwa upole uliotisha kuliko hasira, "Basi wageni wetu, tuombe, kisha mrudi salama." Nilimtazama Elia, macho yamemjaa machozi, nikatamani sakafu inimeze pamoja na kochi.

Hapo ndipo Upendo mwenyewe akatokea sebuleni (mila inataka abaki ndani na shangazi zake, lakini alikuwa anasikiliza mlangoni). Kazi yake ni kuwafanyisha mazoezi wagonjwa waliopata kiharusi. Akaja moja kwa moja, akanifinya mdomo. "Shemeji, unasikia?" Nikatikisa kichwa. Akafinya tena kwa kucha, sisikii.

"Baba, huyu amechomwa ganzi ya jino," akasema. "Mdomo ni mzima, una nguvu zake, ila hausikii. Ubongo usipopata habari kutoka mdomoni unauamrisha kwa kubahatisha tu. Hata wagonjwa wangu, mtu mkono wake una nguvu lakini hausikii, basi kikombe kinamponyoka."

"Sasa tufanyeje?"

"Kama hausikii, auone."

Akachukua simu yake, akawasha kamera ya mbele, akanishikia usoni. Basi mie, mtu mzima mwenye tai ya soda, nikaanza kuposa huku najikodolea macho kama bibi harusi anayepaka wanja. Niliona mdomo wa chini, upande wa kushoto, unachelewa, nikausubiri, nikaukutanisha na wa juu, na kweli maneno yakaanza kunitii. Si yote. Ila nilipofika kwenye "kuposa" na ile herufi pe ikatoka nzima, shangazi wakapiga vigelegele, nikavimba kichwa nikairudia mara tatu. (Simu ilikuwa inarekodi muda wote. Upendo anaapa aligusa kwa bahati mbaya.)

Mzee alicheka mpaka akalazimika kukaa. "Binti ametoka mafichoni kuwaokoa mbele yangu," akasema, "mimi ni nani nikatae?"

Kikaletwa chakula, na mie kwa furaha nikasahau kabisa alichonisihi dokta, nikatafuna pilau na nyama na, kama nilivyokuja kugundua kwenye bajaji ganzi ilipoisha, kipande cha mdomo wangu mwenyewe.

Tangu hapo nimeapa, jino na shughuli za watu haviendi siku moja. Likianza kuuma asubuhi ya sherehe nitakwenda nalo hivyo hivyo, liume litakavyo, angalau nitajua mdomo wangu uko wapi.