Picha za Ujerumani

Shemeji yangu alikuja asubuhi, nikiwa ndio nimetoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyapimia, na kabla hajaketi akanieleza kwamba kaka yake amefia Ujerumani na mwili utaletwa nyumbani. Alinipa pole. Nikasema asante, maana sikujua mke aliyeachwa zaidi ya miaka ishirini anatakiwa kusema nini. Kisha akafikia kilichomleta. Familia ilikuwa inatengeneza programu ya mazishi na haikuwa na picha nzuri ya marehemu. Walikuwa wamekumbuka kwamba mimi ninazo zile za Ulaya.

Ni kweli, ninazo. Nilizitoa kabatini chini ya mashuka, nikazimwaga mezani mbele yake. Sikuwa nimezitazama tangu binti yangu aingie sekondari.

Wakati ule mimi na mume wangu tulikuwa wanakwaya wa kanisa letu hapa Roret, na kanisa rafiki la Ujerumani likatualika tukaimbe. Watoto wetu wawili tuliwaacha kwa mama yangu. Mume wangu alinunua kamera ya filamu, na kila mji tulioingia alikuwa mbele na kamera yake, akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi jengo lote liingie.

Ndiyo maana katika picha hizo mimi ni mdogo sana. Kuna kanisa kuu lenye minara miwili, mawe yake yamekuwa meusi kwa moshi wa miaka mingi, nami niko chini kabisa karibu na mlango, unaniona kwa sababu ya kitambaa chekundu tu. Kuna daraja la mawe lenye sanamu za watakatifu pande zote mbili. Hapo kichwa changu kimekatwa kwenye paji la uso ili mtakatifu aingie mzima. Kuna mtaa wa nyumba za kale zilizojengwa kwa miti na udongo, miti ikionekana nje kama mbavu. Mwenyeji wetu alituambia mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha hata dirisha, serikali inazilinda. Nilimfikiria kogo, nyanya yangu, na nyumba yake ya miti na udongo tuliyoibomoa kwa aibu mara tu tulipoweza kununua matofali.

Halafu ziko za stesheni ya treni. Nyingi. Paa la chuma na vioo, lililo juu kuliko kanisa lolote la huku kwetu, na picha moja ya ubao wa saa za treni. Zilipotoka studio nilidhani hiyo ya ubao aliibonyeza kwa bahati mbaya.

Siku ya kurudi Kenya tulipewa asubuhi ya kutembea mjini. Mume wangu alimwomba mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akitutunzia pasipoti zote, ampe yake, akasema anakwenda kubadilisha pesa. Mimi akaniambia atapanda mnara wa kanisa kuu apige mji picha kutoka juu. Goti lilikuwa linaniuma, nikabaki kwenye benchi. Alinivisha kamera shingoni ili ainame kufunga kamba za viatu, kisha akaenda. Alikuwa ameshafika mlangoni nilipoona kwamba kamera ninayo mimi. Nikajua amesahau. Nilisimama nikamwita, nikaiinua juu aione. Hakugeuka.

Mwalimu wa kwaya, mzee wa watu mwenye pumu, aliupanda mnara ule mwenyewe kumtafuta. Alishuka akiwa hawezi kuzungumza, akatikisa kichwa. Polisi waliitwa, wakauliza maswali, wakaandika. Jioni tukaingia kwenye ndege bila yeye.

Hatukualikwa tena. Waimbaji vijana waliokuwa wakingoja zamu yao hawakunisamehe, na kina mama niliokuwa nikiimba nao sauti ya pili walianza kusema haiwezekani mke asijue. Mama mkwe alisema nilimfukuza mwanawe kwa mdomo. Yeye mume alikuwa akimpigia mama yake simu wakati wa Krismasi. Mimi hakunipigia hata mara moja. Filamu ile nilikaa nayo hadi mtoto wetu mdogo akaanza shule, kwa sababu nilikuwa nangoja arudi tuipeleke studio pamoja. Huo ndio ujinga niliokuwa nao.

Shemeji alizipitia picha zote akitafuta uso wa kaka yake. Aliupata mara moja tu, kwenye picha tuliyopigwa na mwenyeji wetu mbele ya kanisa kuu, mimi na yeye tumesimama, mkono wangu uko kifuani pake.

"Hii ni nzuri," alisema. "Kule saiba watakutoa kwa kompyuta, si kazi kubwa."

"Nitolewe niende wapi?"

Akaniomba nisichukulie vibaya. Alisema kuna mke mwingine kule, na familia haitaki kuchanganya watu. Aliipiga picha ile kwa simu yake, akamaliza chai, akaondoka.

Mazishi yalifanyika kwangu. Shamba ni la mume, kwa hiyo kaburi lilichimbwa nyuma ya jikoni langu, kando ya michai niliyoipanda mwenyewe, na hema zikasimamishwa kwenye ua nilioufagia. Binti yangu, ambaye ni muuguzi kule Longisa, aliomba ruhusa kazini akaja kukaa karibu nami. Tulipewa programu. Marehemu alikuwa anatabasamu mbele ya kanisa kuu, na juu ya koti lake palikuwa na vidole vinne visivyo na mwenyewe. Binti yangu alivitambua kwa pete. Aliikunja programu akaikalia.

Ilisomwa kwamba alikwenda Ulaya kwa masomo. Mke wa kule alitajwa kwanza, mimi nikatajwa kama mama wa watoto wake wawili. Mwalimu wa kwaya alikuwepo, amezeeka sana, akatazama viatu vyake muda wote. Kisha wakacheza kwenye spika ujumbe wa sauti wa yule mwanamke, kwa Kijerumani, bila mtu wa kutafsiri, na ulipokwisha watu wakaitikia amina. Mimi niliambulia maneno mawili tu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyatumia kule kumtambulisha kwa wenyeji wetu: mume wangu.

Wiki iliyofuata shemeji alirudi. Alisema watu wameipenda sana ile picha, na familia ingependa kuzihifadhi zote, yale majengo ni historia. Nilimwambia azifuate kule kule zilikopigwa. Alicheka, akidhani namtania, akakaa akingoja nizilete. Nikachukua kikapu nikaenda kuchuma. Alipochoka kukaa peke yake, aliondoka.