Kadi Iliyotoka Kwanza

Juzi nilipanga foleni Nakivubo kusajili laini ya simu. Mbele yangu alisimama mzee mmoja Mkongo, fundi cherehani, futi bado imening'inia shingoni.

"Kitambulisho, ssebo, mzee wangu. Tujue wewe ni nani," akasema binti wa kaunta.

Mzee akafungua mfuko wa nailoni, akatoa kadi, akaifuta kwa shati na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Pichani nywele zake zilikuwa nyeusi tititi.

"Hii si kadi ya kura? Tena ya Kongo!"

"Kwetu ndiyo kitambulisho, mama."

"Hapa haifanyi kazi. Laini ya nini?"

"Kesho kutwa kwetu wanapiga kura. Nitamwamsha dada yangu Bukavu mapema, naye aamshe majirani. Wakishapiga wasirudi nyumbani, wangoje mpaka karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni, anisomee. Tena nitamwomba asikate simu, nisikie watu kwenye mstari wa kupiga kura."

"Kadi ya ukimbizi huna?"

"Iko." Akaichomoa kutoka mfuko wa nyuma, imekunjika pembe.

Binti akaguna. "Si ungenipa hii tangu mwanzo?"

Mzee alikuwa akiirudisha ile ya kwanza kwenye nailoni yake, polepole. "Uliniuliza mimi ni nani, mama."

Mimi kituo changu cha kura kiko Kisugu, nyuma ya nyumba yangu kabisa. Uchaguzi uliopita nililala hadi saa sita mchana, nikaamka kulalamikia matokeo.