Makamanda Kumi na Mmoja na Konstebo Mmoja

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nilipojipandisha cheo kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Polisi wa jimbo zima, saa mbili asubuhi, miguu ikiwa na tope hadi magotini. Kabla ya saa sita nilikuwa konstebo. Sijawahi kuona mtu akishuka kwa kasi hiyo, hata kwenye sinema.

Usicheke nikikuita mwanangu. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi niko cha nne, na katika shule hii hiyo ni tofauti ya babu na mjukuu. Halafu wiki ijayo darasa lenu linapelekwa shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Ndiyo maana nimekaa hapa kuandika badala ya kusoma jiografia. Tulia unisikilize.

Ilianza na Madam Matimbwa, mwalimu wetu wa uraia. Alitupa kazi: kila mmoja achague nchi, achunguze polisi wake wamepangwaje, kisha alinganishe na wa kwetu. Wenzangu walikimbilia Kenya na Uganda kwa sababu ni karibu, kana kwamba wangekwenda kwa miguu. Mimi nikachagua India. Sababu unaijua. Jumamosi zangu nyingi zimeishia kwenye kibanda cha video pale Mlabani, nikimtazama inspekta mwenye masharubu akipiga watu arobaini bila shati kuchomoka kwenye suruali. Nilitaka kujua: yule inspekta bosi wake nani? Na bosi wa bosi wake? Mbona kila sinema anafokewa kwenye simu?

Nikaazima simu ya kaka yangu, nikasoma. Hapo nikanogewa kweli. Kwetu jeshi la polisi ni moja nchi nzima na mkuu wake ni mmoja. Askari wa Ifakara leo, kesho unasikia yuko Kigoma. India kila jimbo lina polisi wake, chini ya serikali ya jimbo hilo. Ni kama Morogoro tuwe na wetu na Iringa wawe na wao, ukivuka milima ya Udzungwa unakuta mkuu mwingine kabisa. Juu yupo Mkurugenzi Mkuu. Chini yake kuna mainspekta jenerali wenye kanda zao, kisha manaibu wao, kila naibu na wilaya kadhaa, kisha mrakibu mmoja kwa kila wilaya, na wasaidizi wake, mpaka unafika kituoni, ambako wanakuita thana. Inspekta wangu wa masharubu kumbe yuko huko chini chini, karibu na kituo! Niliumia kidogo.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Wakubwa wengi wanatokana na mtihani mmoja wa nchi nzima, halafu wanagawiwa majimbo. Kijana wa kaskazini anaweza kupelekwa kuongoza polisi wa kusini, ambako hata lugha haijui, aanze kujifunza. Konstebo yeye anaajiriwa na jimbo lake. Mpaka leo najiuliza siku ya kwanza kazini wanasemezana vipi.

Nikachora yote kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nyekundu. Juu nilipapamba sana, nyota na mapanga. Nilipofika kwa mkuu wa kituo, karatasi ikaisha. Kwenye daftari nilikuwa bado na mstari mmoja, kwamba askari walio wengi kabisa ni makonstebo. Nikauacha. Nani anasoma huko chini?

Wiki hiyohiyo zamu ya kuamia ikatuangukia. Shamba la shule unalijua, lile la njia ya mtoni, lenye madungu manne, moja kila kona, ambayo unapanda juu na kombeo lako kufukuza kwelea. Mpunga ulikuwa unajaza maziwa, na kwelea wakiona hivyo wanakuja kama wamealikwa. Mwaka uliotangulia walikula karibu wote. Wanafunzi wanaotoka mbali wakashinda njaa, wengine wakaacha kuja shule. Safari hii Mkuu wa shule alitusimamisha mstarini akasema maneno machache tu: "Mpunga huu ukiliwa, hakuna wali wa mchana. Sina pengine pa kuutoa."

Tulikuwa kumi na wawili. Mkuu aliona waamiaji kumi na wawili. Mimi nikaona jimbo.

Nikaigongomea manila yangu kwenye nguzo ya kibanda cha shamba, nikagawa vyeo. Mimi Mkurugenzi Mkuu. Rafiki yangu Beatus, Inspekta Jenerali. Manaibu wawili, kila mmoja na madungu mawili. Warakibu wanne, kila mmoja na dungu lake. Fadhila nikampa idara ya taarifa za siri, maana habari za watu wote anazo. Tukawa pia na mkuu wa upelelezi, na mkuu wa usalama barabarani, barabara ipi usiniulize. Hao ni kumi na mmoja. Minza alichelewa kwa sababu alimpeleka mdogo wake zahanati, na alipofika vyeo vilikuwa vimekwisha.

"Mimi nani?" akauliza.

"Konstebo."

"Niko wapi hapo?"

Nikaitazama karatasi juu mpaka chini. Kisha nikaifungua msumari mmoja, nikaandika jina lake nyuma.

Minza akacheka, akachukua kombeo lake, akaenda. Sisi tukaketi kibandani kufanya kikao cha kwanza cha makamanda. Ajenda ilikuwa moja: kati ya upelelezi na usalama barabarani, nani anampigia mwenzake saluti? Kulikuwa na mihogo ya kuchemsha. Kilikuwa kikao kizuri, siwezi kukudanganya.

Kama saa nne Minza akaja mbio, sauti imemkauka kwa kuzunguka madungu yote manne peke yake.

"Wakubwa, shikamooni. Ndege wamejaa kona ya kusini."

"Umepitia kwa mrakibu wako?" Beatus akamuuliza.

"Mrakibu wangu si huyu hapa anatafuna muhogo?"

"Basi mpe yeye taarifa. Yeye atampa naibu, naibu atanipa mimi, mimi nitampa Mkurugenzi."

Minza akatutazama mmoja mmoja. "Sawa afande. Ila wale hawajapanga foleni," akasema, akarudi mbio.

Tukacheka. Mihogo nimeshaisahau ilikuwa na ladha gani, lakini kile kicheko bado nakisikia.

Haikupita muda tukasikia kopo likigongwa na mtu mzima akipiga ukelele. Alikuwa bibi Konsolata, shangazi yake mama yangu, koplo mstaafu, ambaye jaruba lake linapakana na la shule. Alikuwa ameacha mpunga wake aje kufukuza ndege kwenye wetu. Akaja hadi kibandani, kopo mkononi, anahema. Tukasimama wote.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Mkubwa hapa nani?"

Vidole kumi vikanielekea. Wenzangu siku hiyo walikuwa na nidhamu ya ajabu.

"Na hii ni nini?" akauliza, akiigusa manila.

Nilifurahi, mwanangu. Nikamweleza yote, majimbo, kanda, warakibu, ule mtihani. Na yeye akasikiliza kweli, kichwa amekiinamisha. "Kwa hiyo kila jimbo na wake?" Ndiyo bibi. "Na huyo wa kaskazini akifika kusini, anasema nao vipi?" Nikamwambia hata mimi najiuliza. Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kisha akauliza kwa sauti ileile:

"Na dunguni yuko nani?"

"Minza."

"Nionyeshe hapa."

Nikaigeuza karatasi. Bibi akaketi kwenye gogo, akaweka kopo chini.

"Mimi nimestaafu koplo," akasema. "Miaka yangu mingi nimekaa kaunta. Mama akiibiwa kuku hakwenda kwa kamanda wa mkoa, hata jina lake hakulijua. Alikuja kwangu. Nikisinzia mimi, kamanda hajui kitu, na wa juu yake hajui, mpaka huko makao makuu hakuna ajuaye kwamba kuku ameibiwa. Wote wale wanaona kwa macho ya aliye kaunta. Huko India kwenu hakuna kaunta?"

"Ipo, bibi. Karatasi iliisha."

"Karatasi iliisha," akarudia taratibu, na mwanangu, afadhali angenichapa. Akaichukua manila, akaigongomea tena, nyuma ikiwa mbele. Ikabaki karatasi nyeupe yenye jina moja. "Haya. Huyo ndiye mwenye shamba leo. Nendeni akawapange."

Minza alitupanga kwa dakika moja, watatu kila dungu. Mimi alinipeleka kusini. "Mkurugenzi, rusha udongo, usirushe hotuba," akaniambia, kisha akanielekeza jinsi ya kuzungusha kombeo. Tulikaa juu mpaka jioni, na siku zote zilizobaki. Pande tatu zilipona. Kona ya kusini tulivuna makapi, na kwa sababu ya kona ile wali uliisha kabla ya muhula kuisha. Wiki zile za mwisho tulikunywa uji mwepesi, watoto wa kutoka mbali wakinitazama juu ya vikombe vyao.

Manila niliiunganisha na nyingine kwa gundi, ikafika sakafuni, makonstebo wamejaa chini. Madam Matimbwa akauliza mbona chini ni kupana kuliko juu. Nikamwambia ndivyo ilivyo.

Basi, mwanangu, wiki ijayo shambani mtu atatoa karatasi, na huenda ni wewe. Sikukatazi kupanga. Kupanga ni kutamu na watu wanahitaji kupangwa. Ila anza kuandika kutoka chini: kabla hujasema nani mkubwa, sema nani yuko dunguni, na kama hayupo, panda wewe. Mtu akija mbio na habari, isikie kwanza habari yake, njia aliyopitia utamuuliza ndege wakishaondoka.

Mungu akupe macho ya Minza na koo la bibi Konsolata. Akupandishe mpaka juu kabisa kwenye nyota na mapanga, na siku hiyo akujalie karatasi ndefu, isiishe kabla hujaandika jina la mtu wa mwisho.