Ukuta Unaolinda Kilo za Nkoma

Saa mbili asubuhi, Nyanjige Masele yuko mbele ya kompyuta katika ofisi ya chama cha wakulima mjini Bariadi, simu sikioni, chai imepoa pembeni. Leo msimu wa pamba unafunguliwa.

"Mwangaluka, Luhaga. Mmeanza?"

"Mwangaluka, mayu. Bado," anajibu karani wa mizani wa kituo cha Nkoma, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tunasubiri mkokoteni wa kina Ngassa. Hapa hapimi mtu mpaka majirani watimie."

Ndivyo ilivyo huko. Waliopalilia pamoja hupima pamoja, kila mmoja akishuhudia kilo za mwenzake. Babu zao waliibiwa kwenye mizani mchana kweupe, na walioiba wakazeeka na heshima zao. Wengine wamesahau. Nkoma haijasahau.

Siku hizi kilo husafiri. Kila kituo hutuma vipimo na picha za mizigo kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile ziitwazo wingu. Mlangoni kuna ukuta wa kinga, fayawoli kwa lugha ya mafundi. Hauna tofali; ni programu inayokagua kila taarifa inayopita, isije ikawa imechezewa njiani. Mlinzi wake ni Nyanjige.

Msimu uliopita ukuta ulielemewa. Makaratasi ya muuzaji wake yalidai unapitisha taarifa kwa kasi ya megabiti mia tano kwa sekunde. Ukaguzi ulipowashwa, hazikufika hata nusu. Nyanjige naye alikuwa amepiga hesabu kwa wastani wa siku nzima, kana kwamba pamba huja mzigo mmoja mmoja. Majirani walipotimia, vituo vyote vikamwaga vipimo kwa mkupuo. Foleni ikaganda. Mama yake, Mektilda, mkulima wa Nkoma, akashinda juani.

"Bosi akasema nizime ukaguzi, watu watembee," anakumbuka. "Nikamuuliza, nikizima, kilo za mama yangu atazilinda nani?"

Hakuzima. Majirani wakamnunia mama: mwanao katufungia geti. Ofisini, ukuta mkubwa zaidi ulionekana ghali. Jua lililowachoma wakulima halikuhesabiwa na mtu. Lini liliwahi kuhesabiwa?

Mwaka huu amepata kibali cha kukodi ukuta wa pili kwa siku za kishindo tu. Ugumu ni kwamba ombi la kituo lililopita ukuta mmoja, jibu lake lazima lirudi hapo hapo. Ule mwingine haulijui, utalifukuza. Kwa hiyo amekipangia kila kituo ukuta wake mmoja, wa kwenda na kurudi.

"Mayu, kina Ngassa hao. Tunaanza."

Kwenye kioo, mstari wa taarifa zinazopita unapanda. Danford, yule bosi wake, amesimama nyuma ya kiti.

"Ukaguzi umewashwa?"

"Umewashwa."

"Haya. Tuone."

Mstari unapanda, unapanda, kisha unatulia. Kuta mbili zimegawana mzigo. Luhaga anacheka simuni.

"Mama yako kashapima. Anasema kompyuta yako leo imekunywa uji."

Nyanjige anacheka naye, huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Sasa anajifunza kuzifanya kuta zijiongeze zenyewe mzigo unapozidi, bila mtu kukodolea kioo. Ana sababu yake. Nkoma, mzigo hupandishwa mizanini na watu wawili wa nyumba moja, na tangu aajiriwe, upande wake hushikwa na jirani.

"Msimu ujao ukuta ujitegemee," anasema. "Mimi niwe Nkoma, nimshikie mama."