Gari Nililomletea Bibi Harusi

Naona haya kusimulia, lakini acha niseme. Dada yangu Wanjiru alikuwa anaolewa hapa Carrollton, Marekani, nami nikajitolea kuleta gari la harusi. Mtandaoni niliona gari la Kimarekani la zamani, jeusi linalong'aa, tena bei nafuu. Nikalinunua bila kwenda kuliona huko Houston lilikokuwa, nikalitangazia kanisa zima.

Asubuhi ya harusi likaletwa nyumbani juu ya trela. Paa lake lilinifika kifuani. Kumbe lilikuwa gari dogo la mashindano, lenye kiti kimoja na milango isiyofunguka. Dereva huingilia dirishani.

Mama alilizunguka polepole, akamtazama Wanjiru na gauni lake pana, kisha akaniuliza mbele ya wageni, "Sasa Kamau, tumwingize akitanguliza kichwa au miguu?"