Breki za Hasani Nilizozifunga Mimi

Tulipita kizuizi cha wanajeshi pale Busia bila kusimama, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli, na bunduki zikatugeukia.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemfungia Barasa, mbeba abiria, raba mpya za breki. Watu wote hushuka mbali na kizuizi, wakasukuma. Mimi fundi mzima nikapanda nyuma nikamwambia, "Leo usishuke, ndugu. Hizi zitatusimamisha miguuni pa afande." Sikuwa nimezijaribu hata mara moja.

"Kwa nini hukusimama?" mwanajeshi akamuuliza Barasa, tuliposimama kwa kuburuza miguu chini.

"Breki imekataa, afande. Fundi mwenyewe ni huyu."

"Raba si zangu, afande. Ni za Hasani, muuza spea wa Tororo."

"Hasani ndiye alifunga?"

Barasa ndiye aliyeshika usukani, basi wakampiga yeye kwa kitako cha bunduki mpaka goti likavunjika. Mpaka leo siamini macho yangu.

Nilipozifungua zile raba, nikakuta ni vipande vya soli za viatu.

Kufunga nilifunga mimi, nakubali. Lakini wewe Hasani uliyezikata, njoo Busia umwambie Barasa kwa kinywa chako uliniuzia nini.